Gumzo la familia: Swalehe anakuja kwa bibi Mikindani

Mama Swalehe: Assalam alaykum ndugu zangu. Ijumaa mi na baba Swalehe tunaenda Masasi msibani, Swalehe atabaki na bibi mpaka jumapili. Naomba mnisome hadi mwisho maana kila mtu wa pale nyumbani inamhusu

Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam, poleni na msiba. Aje tu, hapa ni kwao

Mama Swalehe: Asante shangazi. Atakuja na mfuko una kadi za picha, ndo ratiba yake ya siku kwa ajili ya ule usonji wake, jmn watoto wasizichezee. Asubuhi Asha anazipanga ukutani juu kwenda chini, kuamka, choo, mswaki, chai, kucheza nje, kuoga. Akimaliza jambo anaibandua kadi yake anaitia kwenye kopo la bluu af anaangalia inayofuata. Aibandue mwenyewe, msimsaidie, kule kubandua ndo anajua hili limeisha

Anko Saidi: Shemeji nauliza kwa nia njema, si tumwambie tu twende kuoga? Anasikia vizuri na siku hizi anaongea ongea

Mama Swalehe: Masikio mazima kabisa shemeji. Ila neno likishatoka mdomoni limepotea, ye bado yuko kwenye la kwanza wewe ushafika la tatu na sauti imepanda. Picha inabaki palepale anairudia anavotaka. Kinachomtesa ni kule kuhama, yaani yuko kwenye mchanga wake ana raha zake ghafla kashikwa mkono anaburuzwa bafuni, hajui anapelekwa wapi wala kama mchanga atauona tena, kwanini asilie? Watu wanasema mkaidi. Ile ni hofu

Mwalimu Zuhura: Kweli kabisa wifi. Na hizi ratiba sio za jana, Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani walianzisha mpango wao wa TEACCH wa kusaidia watu wenye usonji mwaka 1972 na picha za ratiba ni sehemu yake kubwa, sababu watoto wengi wenye usonji wanashika kwa macho upesi kuliko kwa sikio. Shuleni kitengoni kwetu tunazo mlangoni

Asha: Bibi anasema yeye kusoma hawezi atazijuaje

Mama Swalehe: Mwambie hamna cha kusoma. Ni picha nimepiga kwa simu, mswaki wake, kikombe chake cha kijani, ndoo na kata. Ile michoro ya intaneti mtoto anaoga kwenye bafu la kizungu limejaa povu, Swalehe haoni kinamhusu nini. Steshenari wamenitolea nikagundisha kwenye boksi nikavisha selotepu, hata zikilowa unazipangusa tu

Shangazi Mwajuma: Mwanangu usinielewe vibaya, kuna jirani kasema kuna fundi, yaani mganga, kule Msangamkuu anawatoa watoto vitu hivi

Mama Swalehe: Shangazi nakuheshimu sana, kwa fundi haendi. Usonji kazaliwa nao, ubongo wake ndo ulivyo

Mwalimu Zuhura: Na hakuna aliyemrushia jini

Shangazi Mwajuma: Haya, nimekusikia mama

Mama Swalehe: Kuna na kadi ya KWANZA na HALAFU. Kwanza kuoga, halafu kula ming'oko. Kama dakika tano kabla muonyesheni, asishtukizwe. Na ukishaweka picha ya ming'oko iwepo kweli ndani, akiikosa mara moja kadi zote hataziamini

Anko Saidi: Na kama keshajitupa chini analia?

Mama Swalehe: Hapo nyamaza. Ondoa watu, zima redio, kaa karibu tu asijiumize. Kwenye kilio hata picha haingii, subiri ashuke ndo umuonyeshe. Na asichapwe jmn nawaomba kwa Mungu

Anko Saidi: Hachapwi na mtu nikiwepo

Mwalimu Zuhura: Wifi na ile kadi nyekundu ya mabadiliko umeweka? Mmempangia pwani mvua ikanyesha msimfiche, mtoe kadi ya pwani mbele yake mweke nyekundu kisha kitakachofanyika badala yake

Mama Swalehe: Ipo

Asha: Bibi anauliza akizoea tuzitoe?

Mama Swalehe: Hapana Asha, akitulia ni kwa sababu zipo. We mwenyewe una kalenda ukutani na simu inakukumbusha

Mwalimu Zuhura: Ila wifi choo cha bibi kipo uani na chenu kipo ndani. Ile picha ya choo chenu pale itamchanganya

Anko Saidi: Kesho jioni napita kwa mama, napiga choo, bafu na mlango wa mbele nakurushia

Mama Swalehe: Allah akulipe shemeji. Piga na kitanda atakacholala, chandarua kiwe kimeshushwa maana ndo atakavyokikuta usiku. Ukituma kabla ya saa moja nawahi steshenari

Anko Saidi: Sawa, saa kumi na mbili unazo