Acheni kukariri: albamu ya kwanza ya bendi ya Interpol si kiporo cha Joy Division

Wakuu, hii imezidi sasa. Ikitajwa tu Turn On the Bright Lights (2002), albamu hiyo ya Interpol, bendi ya roki ya New York, lazima ajitokeze mtu: "Hao si Joy Division tu?" Muulize kwa nini. Atakwambia Paul Banks, mwimbaji wa Interpol, ana sauti nzito kama Ian Curtis, aliyeimba Joy Division, ile bendi ya Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya 70. Basi! Nyimbo 11 zinahukumiwa kwa koo la mtu mmoja.

Mnajua hata kwa nini besi ya Joy Division inalia vile? Mpiga besi wao Peter Hook alikuwa na spika mbovu, gitaa la mwenzake Sumner linamfunika, noti za chini hazisikiki. Akahamia juu ya shingo ya gitaa, kwenye noti za juu, akabaki huko. Ndiyo maana kwenye albamu yao Unknown Pleasures (1979) besi inabeba melodi na gitaa linakwaruza pembeni. Carlos Dengler, mpiga besi wa Interpol, anashuka na kupanda atakavyo, mara nyingi anakimbizana na ngoma kama mtu wa disko.

Ngoma nazo: prodyuza wa Joy Division, Martin Hannett, alimfanya mpiga ngoma wao Stephen Morris arekodi ngoma mojamoja, zikatoka baridi kama zimepigwa ndani ya friji. Sikiliza Sam Fogarino wa Interpol anavyofungua wimbo "PDA". Hiyo ni seti nzima, mtu mmoja, jasho linamtoka.

Ila kinachoniudhi zaidi ni magitaa, maana hapo ndipo albamu ilipo na hakuna anayepagusa. Hakuna wa solo na wa rithimu kama tulivyozoea kwenye dansi. Mpiga gitaa Daniel Kessler anarudia noti chache za juu, mkono unashuka tu, mwangwi mwingi, distosheni (ule mkwaruzo wa gitaa la umeme) kidogo. Banks, kwa gitaa la pili, anajaza mapengo. Katikati ya "PDA" wimbo unakatika, gitaa linabaki peke yake, halafu wengine wanaingia na kujenga upya. Kama lazima mtafute babu Uingereza, nendeni kwa bendi ya The Chameleons, albamu Script of the Bridge (1983): magitaa mawili yanayosukana hivyohivyo.

Na nyie bendi mnaopiga kava za nyimbo za albamu hii: punguzeni distosheni. Mkiijaza, gitaa la pili linamezwa, inabaki kelele moja nene, kisha mnasema wimbo ni rahisi.

Halafu mtu anaisikiliza kwa spika ya simu, besi yote imepotea, anakuja kutoa hukumu humu. Vaa hedifoni kwanza! Anayetaka kubisha aje na jina la wimbo na dakika.