Mjadala: Je, kumbukumbu za sinema ya Lindi mjini zinastahili fedha ya umma?

Mleta mada:

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, nawasalimu kwa heshima. Ninaleta mbele yenu jambo linalozungumzwa sana barazani bila kufikishwa popote: halmashauri itenge fedha za kukusanya kumbukumbu za jumba la sinema lililokuwa katikati ya mji, au kazi hiyo waachiwe wenye mapenzi nayo? Msimamo wangu ni kwamba halmashauri itenge, tena mwaka huu, kwa sababu wengi waliokuwa wakikatisha tiketi dirishani na kuendesha mashine wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya makao hayo kuhamia Mtwara katika miaka ya 1950, baada ya mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga kuleta bandari mpya huko. Makarani, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mabaharia na wenye maduka walikuwa na mahali pachache pa kukaa chini ya paa moja, na sinema ilikuwa mojawapo, ingawa hawakukaa sawa: wa bei ya chini walikaa mbele, shingo zikielekea juu, na wenye nacho walikaa nyuma. Serikali ya kikoloni nayo ilichuja filamu na kuamua zipi Waafrika wasionyeshwe.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alinihadithia kwamba fedha ya tiketi aliifunga pindoni mwa khanga tangu asubuhi, na kipande alichorudishiwa mlangoni alikitunza katika kopo la poda. Kihindi hakukijua hata neno, lakini nyimbo za filamu aliziimba mwanzo hadi mwisho, na alikuwa akigombana na wenzake juu ya stelingi alivyolia. Hakuwa peke yake: waimbaji wa taarabu wa pwani yetu walichukua mahadhi mengi kutoka filamu hizo, na kwa sababu hiyo historia ya muziki wetu haiwezi kuandikwa kwa kuiruka sinema.

Sheria haitusaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye, kama jumba la sinema, ni mpaka Waziri ayatangaze.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, maelezo yako ni mazuri, lakini sikubaliani nawe. Zahanati zinakosa dawa na watoto wanakosa madawati, nasi tujadili picha zilizokwisha kuonyeshwa? Sinema ilikuwa biashara ya mtu, ikafa video zilipoingia. Isitoshe, wazee wetu wengi hawakuipenda. Waliona inawatoa watoto madrasa na kuwafundisha utundu. Boma la Mikindani, kule karibu na Mtwara, lilikarabatiwa likawa hoteli, linaingiza fedha za wageni. Sinema ambayo haipo itaingiza nini?

Mleta mada:

Kaka yangu, nakushukuru kwa kusema wazi. Kuhusu kufa kwa sinema, video ilimalizia tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi iliishiwa fedha za kigeni, kupata filamu mpya na vipuri vya mashine kukawa shida, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukaa nyumbani. Sisi wa kusini tulikuwa na tatizo la ziada, kwani barabara ya Dar es Salaam ilikatika kila masika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Habari hii ya mji uliotengwa na namna ulivyojiburudisha si mali ya mfanyabiashara mmoja.

Boma la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, liliweza kukarabatiwa kwa sababu kuta zake zilibaki. Sisi hatuna kuta, tuna watu, na mtu akishazikwa hakarabatiwi. Hao wazee walioichukia sinema nao wahojiwe, tena waanze wao, kwani hofu zao kwa watoto wao ni sehemu ya historia hiyo hiyo.

Sijaomba jengo, wala sitaki dawa ya zahanati iguswe. Ninaomba kinasa sauti kimoja, nauli ya vijana wawili wa kupita Mikumbi, Wailes na Rasbura kuwasikiliza wazee, na kabati lenye kufuli katika ofisi ya utamaduni la kuwekea picha na tiketi ambazo familia zitakubali kuzitoa. Kama kiasi hicho bado ni kikubwa kwako, kaka, taja wewe kinachostahili ili tukipeleke kwa diwani.