Inua Jamii na wodi za akili: mbona Turkana si kama Nairobi?

Wadau, mamangu yuko Lodwar, kule Turkana, anapata ile 2,000 ya Inua Jamii (pesa za serikali kwa wasiojiweza) kwa mwezi, sasa kakangu amechanganyikiwa vibaya tunaambiwa tumpeleke Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, hiyo pesa hata nauli haifiki. Wenzetu wa Nairobi wanapanda matatu tu wamefika.

> Pole sana dada. Ulizia kwanza Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi inalaza wagonjwa wa akili na ni karibu kuliko Nairobi. Dai barua ya rufaa.

> Mathari ni ya tangu 1910 na bado inabebeshwa nchi nzima! Sisi Mombasa angalau tuna hospitali ya Port Reitz. Huduma za afya zilienda kwa serikali za kaunti 2013, so wabaneni MCA wenu (mwakilishi wa wadi), 2,000 ni ileile kila mahali lakini umbali sio.