Mrejesho: Fundi aliyetoa kava la grinda

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama ni sawa fundi wangu kukata vigae kwa grinda ndogo aliyoiondolea kava (kinga inayofunika diski) ili diski ya inchi 7 iingie. Asanteni sana kwa majibu.

Leo asubuhi nilikaa naye kabla hajawasha. Nikamwonyesha maandishi: grinda inazunguka mara 11,000 kwa dakika, diski imeandikwa mwisho 8,500, yaani ingeweza kupasuka ikizunguka. Akaigeuzageuza mkononi, kimya, kisha akasema, "Kaka, miaka yote hii sijawahi kusoma hapa." Iliniuma, maana ni mtu makini na ana watoto wadogo. Tumenunua diski ya almasi ya inchi 4 na nusu, kava limerudi, miwani nimemnunulia mimi.

Shida iliyobaki ni vumbi. Kumwagia maji grinda ya umeme ili kulipunguza nilikataa kabisa. Kwa mikato iliyonyooka sasa anatumia mashine ya mkono, ile ya kuchora mstari na kuvunja kigae. Grinda ni ya kona za mabomba tu, tena nje, na barakoa. Waya wa grinda pia ulikuwa umechubuka karibu na plagi; tumeukata, tukafunga plagi upya.