Tupeane uzoefu: Mliozaa bila ndoa mkaambiwa mtoe mtoto, mlisimamaje?

Wamama wenzangu, hapa Mtwara binti wa jirani yangu anashinikizwa ampeleke mwanawe kwa watu wa Dar kabla hata ya arobaini. Sijalala. Naanza na yangu.

Nilijifungua mapacha 2014, nikiwa na miaka 19. Mmoja kilo 1.9, mwenzake 2.1. Nesi akanifundisha kuwafunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Nikiwa hivyo hivyo shangazi akaingia na begi jipya, ndani nguo za mtoto mmoja. "Hassan abaki, Hussein aende. Wawili utawaweza wapi, baba yao mwenyewe haonekani?" Kila akinyoosha mkono, nami nakaza kanga.

Aliyeniokoa ni mjomba. Wamakonde mnajua, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba akisema amesema. Akashuka kutoka Newala, akakaa mkekani, akauliza: "Mama yao anasemaje?" Siku zote hizo hakuna aliyekuwa ameniuliza! Nikajibu, sitoi. Kikao kikaisha.

Ugumu ulikuwepo, sifichi. Nilichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nikauza stendi, msimu wa korosho nikaokota kwenye mashamba ya watu, mmoja mgongoni, mwingine kivulini chini ya mkorosho. Sasa wako shule, wote wawili.

*Mama Salma, Nachingwea:*
Dada, umenitoa machozi. Mimi aliyenibana ni mama mzazi, kwa aibu ya majirani. Nilikuwa na miaka 17, nikaletewa karatasi niweke dole gumba. Nikakimbilia kwa afisa ustawi wa jamii. Akaniambia karatasi ya nyumbani haimhamishi mtoto. Kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kisheria, ni mahakamani, na ridhaa ya mzazi inatakiwa, ndivyo ilivyo Sheria ya Mtoto ya 2009. Nikarudi na maneno hayo nyumbani, mama akanyamaza. Huyo binti kama alikuwa shuleni mwambie pia, tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi darasani wakishajifungua.

*Bi Mdogo, Lindi:*
Mimi nilitoa. 2009, wa kike. Waliomchukua walihama, sijui wako wapi. Nilimpa jina kabla hajaondoka, na mpaka leo mtu akiliita sokoni nageuka. Wasimharakishe huyo mtoto wa watu.

*Mwanzisha mada:*
Bi Mdogo, pole sana mama. Nimechukua simu, naenda kwao sasa hivi nikamsomee mwenyewe.