Mjadala: Kitabu cha ndege za kivita kilichojaa picha ni historia, au ni albamu tu?

Rubani wa Karatasi (mleta mada)

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Vitabu vya historia ya ndege za kivita vinazidi kunenepa: karatasi inang'aa, picha mamia, maandishi ya kuokoteza. Ukiuliza ubora wake unaambiwa "picha ni nyingi sana". Msimamo wangu ni kwamba picha isiyo na maelezo yaliyofanyiwa kazi ni pambo, na mara nyingine ni uongo mtupu.

Mfano huu hapa. Mwaka 1940 Ujerumani ilikuwa na ndege chache za Heinkel He 100 ambazo jeshi lao la anga halikuzitaka. Zikapakwa nembo za vikosi visivyokuwepo, zikapangwa mstarini, zikapigwa picha. Kisha zikapakwa nembo nyingine, zikapigwa tena. Dunia ikatangaziwa kuwa hiyo ni ndege mpya, He 113, na imeshaingia vitani. Waingereza waliingia mkenge hadi marubani wao wakaripoti kupambana nayo angani! Sasa chukua picha hiyohiyo, itandaze kurasa mbili, andika chini yake "Heinkel zikijiandaa kuruka, 1940". Msomaji kapigwa changa la macho lilelile, na safari hii kalilipia.

Nawasilisha.

Bawa la Kushoto

Mkuu, mfano wako unakugeuka. Hizo ripoti za marubani walioiona He 113 ni nini kama si maandishi? Mwanahistoria anayeamini makaratasi peke yake angeiandikia ndege hiyo sura nzima.

Mimi nazipenda picha kwa sababu zinabeba hata kile ambacho hakuna aliyekusudia kukirekodi. Angalia mistari ya Juni 1944, ile iliyopakwa kwenye ndege za Washirika, nchi zilizopigana na Ujerumani, ili zisitunguliwe na wenzao siku ya kutua Normandy. Agizo linasema mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, na kwa ndege ya injini moja kila mstari upana wa inchi 18. Ukiishia kwenye agizo, unaona kazi ya rula. Fungua picha: kingo zimepinda, alama za brashi zinaonekana, kwingine rangi imepita juu ya herufi za kikosi. Watu walipaka usiku, kwa haraka, muda ukiwa umekwisha. Hiyo nayo ni historia, na hakuna karani aliyeiandika.

Fundi wa Gundi

Mimi naunga ndege za plastiki, kwa hiyo kwangu picha ndiyo ramani. Masizi ya moshi yameishia wapi ubavuni, rangi imechubukia wapi pale fundi anapokanyaga kupanda, hayo huyapati kwenye aya. Lakini namuunga mkono mleta mada.

Nina kitabu hapa mezani, sikitaji jina. Ukurasa mzima ni ndege ya kivita ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109, picha kali kabisa. Tundu la kuvutia hewa ya supachaja, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, liko upande wa kulia wa pua. Kwenye 109 tundu hilo liko kushoto! Negativu, ile filamu ya kusafishia picha, iliwekwa kinyume, na kwa kuwa picha imekatwa kabla ya namba za ubavuni, hakuna aliyeshtuka. Maelezo yanasema ni modeli E. Ncha za mabawa ni za mviringo, na mkia hauna vile vyuma vya kuutegemeza kwa chini. Hiyo ni F. Makosa mawili kwenye picha moja, na kitabu kina uzito wa tofali.

Na hao wanaotandaza picha kurasa mbili, propela ikamezwa na mshono wa katikati, nao wajieleze.

Chumba cha Giza

Mmesahau rangi. Filamu za othokromatiki, aina ya zamani ya nyeusi na nyeupe, hazikuwa na habari na nyekundu: inatoka nyeusi, na njano inazama kuwa kijivu kizito. Duara la njano kwenye nembo ya ndege za Uingereza linaweza kukupotea kabisa, ukaapa halikupakwa. Siku hizi kompyuta inapewa jukumu la kutia rangi picha hizo, inabahatisha, na mchapishaji anaandika "kwa mara ya kwanza katika rangi". Rangi za nani?

Hata filamu nzuri ina mpaka wake. Mikia ya ndege za kivita za Mustang za kundi la 332, wale marubani weusi wa Marekani, ilikuwa myekundu. Kwenye picha nyingi za wakati ule ni kijivu tu. Sentensi moja chini ya picha inatosha kuirudishia rangi yake, bila programu yoyote.

Rubani wa Karatasi (mleta mada)

Bawa la Kushoto, kwenye ripoti za marubani umenishika, nakubali. Ila kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyasema hata ikiwa kali kiasi gani. MiG-25, ndege ya kivita ya Kisovieti, ilipoonyeshwa Domodedovo, karibu na Moscow, mwaka 1967, nchi za Magharibi ziliona mabawa mapana na matundu makubwa ya hewa, zikahitimisha kuwa ni ndege nyepesi ya kupindapinda angani. Septemba 1976 rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, akaitorosha moja hadi Hakodate, Japani. Ikafunguliwa: sehemu kubwa ni chuma, nzito kupindukia, imeundwa kukimbia moja kwa moja. Uzito haupigwi picha.

Halafu uhaba wa picha umekwisha. Mwaka 2008 hifadhi ya taifa ya Ujerumani ilitoa takriban picha 100,000 kwa Wikimedia Commons, ghala la picha la mtandaoni, bure. Nikinunua kitabu leo nalipia kazi ya mtu aliyekaa na kila picha: namba ya hifadhi, mahali, tarehe, na pale aliposhindwa aandike "haijulikani" badala ya kubuni.

Bawa la Kushoto

Namba za hifadhi nakuunga mkono asilimia mia. Hiyo "haijulikani" pia, ingawa sijui mchapishaji gani atakubali kuiandika mara arobaini.

Lakini MiG-25 usiitupie kamera lawama, mkuu. Mabawa yalikuwa mapana kweli, matundu yalikuwa makubwa kweli. Aliyeandika neno "nyepesi" alikuwa mchambuzi.