Kikundi chetu cha keisi tunagawana malengo na hatuelewi. Nihame?

Tabibu_Mtarajiwa: Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili udaktari. Tulizoea mihadhara, sasa tumeingia mfumo wa keisi: wanafunzi wanane na mwezeshaji, tunapewa mgonjwa kwenye karatasi, tunatoa malengo ya kujifunza, tunaenda kusoma, tunarudi kuelezana. Sisi malengo tunagawana. Huyu fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), yule dawa, mimi vipimo. Kila mtu anakuja kusoma slaidi zake, wengine tunanakili. Wawili ndio waongeaji wa kudumu.

Juzi keisi ilikuwa ketoasidosisi ya kisukari, yaani insulini imepungua mno mpaka damu inajaa asidi. Mwezeshaji akauliza: kwa nini potasiamu iliyoonekana ya kawaida kwenye kipimo inaweza kushuka ghafla mgonjwa akianza insulini? Kimya, wote wanane. Iliniuma, maana huyu mgonjwa nitakutana naye wodini kweli. Niombe kuhama, au nisome kivyangu?

Nesi_wa_Zamu: Usihame, mdogo wangu. Bila insulini potasiamu hutoka ndani ya seli kuingia kwenye damu, na nyingi hupotea kwa mkojo. Kipimo kinaonyesha kawaida huku mwili umepungukiwa. Ukimpa mgonjwa insulini, potasiamu inarudishwa ndani ya seli, damuni inabaki kidogo, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Sasa angalia: jibu hilo linataka fiziolojia, vipimo na dawa kwenye kichwa kimoja. Ninyi mlivigawa kwa watu watatu!

Hata ule utaratibu wa hatua saba wa kujifunza kwa keisi, wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kabla ya kusoma kuna hatua ya kubahatisha maelezo kwa mnachokijua tayari, na baadaye kila mtu anasoma malengo YOTE. Mkirudi, slaidi zifungwe. Mmoja aeleze kwa mdomo, wengine wamhoji "kwa nini" mpaka akwame.

Famasia_Kwanza: Naongezea kuhusu wasioongea. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kuambiwa "changia, changia" kulinizidishia woga. Kilichonisaidia ni jaribio fupi: kwanza kila mtu anajibu peke yake, kisha maswali yaleyale mnajibu kama kikundi. Nikaona kuna maswali niliyoyapata ila nikakubali kupinduliwa na waongeaji. Uenyekiti nao uende kwa zamu.

Mkunga_B: Mimi sikubaliani kwamba abaki tu. Wapo wanaokataa kubadilika kwa sababu kugawana kunawapunguzia kusoma. Zungumza na mwezeshaji faraghani kabla ya keisi mpya, yeye anaweza kuwakataza slaidi bila wewe kuonekana mchongezi.

Tabibu_Mtarajiwa: Asanteni sana, dada Nesi hasa, potasiamu imeniingia. Nitaongea na mwezeshaji, halafu nitajitolea kueleza wa kwanza bila slaidi. Swali moja: tukisoma malengo yote, muda unatosha kweli?

Nesi_wa_Zamu: Unatosha mkipunguza malengo. Manne yaliyoandikwa vizuri yanawatosha. "Insulini" peke yake siyo lengo, andikeni swali kamili.